Mshahara Uliongezwa, Mbona Nyumbani Umepungua?

BARUA

Mama Mshauri, hujambo?

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Free Area hapa Nakuru. Nauza viazi, nyanya na sukuma wiki sokoni. Baba watoto ameajiriwa kiwandani, huko Industrial Area. Tumeoana miaka kumi na minne na sijawahi kumshuku kwa jambo la maana, mpaka haya yaliponifika.

Mwaka wa 2022 mshahara wake ulikuwa shilingi 38,000 kabla ya makato. Najua kwa sababu siku hizo alikuwa akiniletea ile karatasi ya mshahara, naiweka chini ya godoro pamoja na risiti za kodi ya nyumba. Mkononi alikuwa akibaki na elfu thelathini na tatu na kitu. Mwaka jana akaongezwa 2,000, ikawa 40,000. Siku hiyo alikuja na kilo nzima ya nyama na soda kubwa, watoto wakashangilia hadi jirani akabisha mlango kuuliza kuna nini. Lakini tangu nyongeza hiyo pesa zimepungua. Ananiambia mkononi anapata 27,000. Nikimwuliza zingine ziko wapi, jibu ni moja: "Serikali imekata." Karatasi siioni tena. Anasema siku hizi hutumwa kwa simu, na simu yake ina namba ya siri nisiyoijua.

Simu hiyo ikilia usiku hutoka nje kuipokea. Mara mbili nimemsikia akisema kwa sauti ya chini, "Nipe hadi Ijumaa." Dada yangu ananiambia niache kujidanganya, kuna mwanamke mahali. Jirani yangu, ambaye mumewe ni mwalimu, anaapa kwamba serikali kweli imewakata watu. Sijui nimwamini nani.

Na nyumba haingoji. Kodi ilikuwa 7,500, sasa ni 9,000. Mafuta ya kupikia nanunua ya kupimiwa. Unga wa pakiti nimeuacha, nanunua mahindi kwa gorogoro na kupeleka kusaga. Kifungua mimba wetu yuko Gredi ya 9, Januari anaingia sekondari ya juu, na sijamwekea chochote. Mimi sokoni, siku nzuri napata faida ya mia tano, siku mbaya narudi na nauli tu. Nina chama cha akina mama, kila Jumatano natoa 300. Hiyo baba watoto haijui, na sijaona sababu ya kumwambia.

Kinachoniumiza zaidi ni redio. Ilitangaza kwamba mfumuko wa bei umeshuka. Baba watoto akanigeukia akasema, "Umesikia? Bei zimeshuka. Ni wewe usiyejua kupanga pesa." Nililia siku hiyo, Mama. Mimi ninayejua bei ya kila kitu mpaka kitunguu kimoja!

Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikamwambia mbele ya watoto kwamba ana nyumba ya pili. Hakujibu. Alichukua koti akatoka, akarudi saa sita usiku. Tangu hapo tunazungumza kupitia kwa watoto.

Je, serikali inaweza kumkata mtu kiasi hicho? Na kama haiwezi, nifanye nini? Nimefikiria kwenda kwenye lango la kiwanda nikamwulize karani wa mishahara mwenyewe.

Mama wa Watatu,
Free Area, Nakuru

JIBU

Mwanangu, nianze na hilo lango: usiende.

Kabla ya kuandika majibu haya nilikuwa karani wa mishahara kwa miaka mingi, katika kiwanda ambacho sitakitaja. Wake walikuwa wakija langoni kila mwisho wa mwezi, wengine na mtoto mgongoni. Walikuwa na kila sababu ya kuuliza, ila mimi sikuwa na ruhusa ya kuwajibu. Mume alipoitwa kutoka kwenye mashine mbele ya wenzake, kilichofika nyumbani jioni ni ghadhabu. Nimeyaona hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Unachokitafuta kipo kwenye simu yake, na tutafika huko.

Kwanza tupige hesabu, maana umenipa namba na mimi namba nilizizoea.

Mtu wa mshahara wa 38,000 mwaka wa 2022 alikatwa 200 za NSSF, ile akiba ya uzeeni, 950 za NHIF, bima ya afya ya siku zile, na PAYE, kodi ya mshahara, kama 3,580. Jumla 4,730. Akabaki na 33,270. Hiyo ndiyo "elfu thelathini na tatu na kitu" yako, kwa hivyo kumbukumbu yako ni safi.

Sasa tuje mwaka wa 2025 na hizo 40,000. NSSF si 200 tena. Sheria yake ni ya 2013, ikakwama mahakamani karibu miaka kumi, ikaanza kutekelezwa Februari 2023. Tangu hapo imekuwa ikipanda ngazi kila Februari: mwaka wa kwanza mfanyakazi alikatwa hadi 1,080, mwaka wa pili hadi 2,160, na Februari 2025 kiwango cha juu kikasogea tena, ndiyo maana mtu wa 40,000 sasa anakatwa asilimia 6 ya mshahara wote, yaani 2,400. NHIF nayo imeondoka. Tangu Oktoba 2024 ni SHIF, bima mpya ya afya, asilimia 2.75, kwake 1,100. Kuna na ushuru wa nyumba, ule wa kujengea nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, kwake 600, ambao 2022 haukuwapo kabisa. Ulianza 2023, Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha Katiba, ukarudi Machi 2024 kwa sheria mpya.

Kuna kitu kimoja kilichopungua, na ni haki nikiseme. PAYE yake imeshuka hadi kama 3,150, kwa sababu tangu mwisho wa Desemba 2024 makato ya SHIF na ya nyumba huondolewa kwanza, kama ya NSSF, ndipo kodi ipigwe kwa kilichobaki.

Jumlisha yote: 7,250. Toa kwa 40,000. Anapaswa kubaki na 32,750 hivi.

Tazama namba hiyo vizuri. Mtu ameongezwa 2,000 na bado anapokea shilingi 520 chini ya alizokuwa akipokea kabla ya kuongezwa. Ile nyama na ile soda mlizokula siku ya nyongeza, nyongeza iliyozinunua ilikuwa imeshaliwa na makato. Jirani yako mke wa mwalimu hakukudanganya. Mumeo naye, aliposema serikali imekata, alisema kweli.

Ila alisema nusu ya kweli. Kutoka 32,750 hadi 27,000 kuna 5,750, na hizo si za serikali. Labda mia kadhaa ni za chama cha wafanyakazi kama amejiunga. Zilizobaki zina mahali zinapokwenda kila mwezi, na yeye anapajua.

Kabla hujamkimbilia dada yako na habari hiyo, nisikilize.

"Nipe hadi Ijumaa." Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu nisome barua yako. Mwanamume anayezungumza na mpenzi wake usiku haombi apewe hadi Ijumaa. Anayesema hivyo ni mtu anayedaiwa. Sikuapii, maana simjui mumeo, na kama ni mtu mwingine mambo yatajitokeza katika mazungumzo yaleyale nitakayokuelekeza. Lakini katika miaka yangu ya ukarani, kwa kila mume mmoja niliyejua ana nyumba ya pili, nilijua kumi waliokuwa wamekopa, wakakopa tena kulipa kile cha kwanza, na kwa aibu wakamwambia mke kwamba ni kodi. Kodi ni kisingizio kizuri. Kila mtu anaichukia, hakuna anayeihoji.

Na angalia alikoanzia, kwa sababu hapo ndipo nataka umhurumie kidogo. Hesabu ya makato ni ndogo ukilinganisha na ya bei. Kwa takwimu za Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 7.7 mwaka wa 2023 na asilimia 4.5 mwaka wa 2024. Maana yake, maisha mliyoyaendesha kwa 33,270 mwaka wa 2022, kufikia 2024 yalihitaji kama 37,400. Yeye analeta, hata angeleta zote, 32,750. Nyumba ilikuwa imeshapungukiwa na zaidi ya 4,600 kila mwezi bila mtu kuiba, bila mtu kuoa, bila mtu kukosa kupanga. Mtu wa namna hiyo, mtoto akiugua au mwenye nyumba akija, hukopa. Ukiongeza hizo 5,750 zinazopotea njiani, mnaendesha nyumba mkiwa na upungufu wa zaidi ya 10,000. Ndiyo maana unahisi kama ardhi inakukimbia chini ya miguu. Hukosi akili, mwanangu. Unafanya kazi ya 37,400 kwa 27,000.

Na hapo nataka nimjibu mumeo kuhusu redio, kwa sababu neno lile alilokuambia halikuwa la haki.

Mfumuko wa bei ni mwendo wa bei kupanda. Umewahi kuona lori lililosheheni likitoka Salgaa kupandisha Mau Summit? Mlimani linapunguza mwendo hadi mtu wa miguu karibu alipite. Lakini bado linapanda. Oktoba 2022 mfumuko ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.7. Lori lilipunguza mwendo. Halikugeuka kuteremka. Kodi yako ya nyumba haikurudi 7,500, na hakuna redio iliyosema imerudi. Mwambie hivyo kwa upole, naye ataelewa, maana mshahara wake mwenyewe uko kwenye lori hilohilo.

Wewe wa sokoni unajua bei hupandaje kuliko wengi wanaoandika kuihusu. Julai 2023 ushuru wa ongezeko la thamani, VAT, kwa mafuta ya magari ulitoka asilimia 8 hadi 16. Septemba mwaka huo lita ya petroli ikavuka 200 kwa mara ya kwanza. Julai 2024 ada ya kutengeneza barabara, ambayo imo ndani ya kila lita, ikatoka shilingi 18 hadi 25. Mwenye lori la viazi kutoka Molo au Mau Narok hakuyalipa hayo kutoka mfukoni mwake; aliyapakia juu ya gunia, na wewe ukayapakia juu ya fungu. Mwaka wa 2025 petroli ilikaa chini ya 190, lakini niambie ni makanga gani amekurudishia kumi yako. Nauli hupanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi, kama inashuka. Mamlaka ya Kawi, EPRA, hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi. Zikishuka, hapo ndipo pa kuzungumza na mwenye lori kuhusu bei ya usafiri, wewe na wenzako wa soko mkiwa pamoja, wala usiende peke yako.

Mafuta ya kupikia ni kisa kingine. Mengi hutokana na mawese ya Malaysia na Indonesia, hununuliwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Mwaka wa 2025 ilikuwa kama 129. Ndani ya bei ya mafuta hayo kuna VAT ya asilimia 16. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida havitozwi VAT, na hilo halikuja lenyewe: Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate utozwe asilimia 16 na mafuta ya kupikia yaongezewe ushuru wa asilimia 25. Uliondolewa tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya vijana kuandamana hadi Bungeni, na kuna wazazi waliozika watoto kwa ajili ya siku ile. Silisemi hili kupitisha maneno. Ukinunua mkate, kumbuka.

Sasa nyumbani kwako.

Tafuta jioni ambayo watoto wamelala na hakuna mechi. Usianze na hizo 5,750. Anza na lile ulilomwambia mbele ya watoto: mwombe msamaha kwa kuwa ulisema mbele yao. Hata ikija kuonekana ulikuwa na haki ya kushuku, watoto hawakuwa na haja ya kulisikia. Kisha toa daftari lako la soko na kadi ya chama, umwekee mezani. Naam, zile 300 za kila Jumatano. Ulisema huoni sababu ya kumwambia. Yeye pia ana kitu ambacho haoni sababu ya kukuambia, na mmoja wenu lazima atangulie. Wewe ndiye uliyeandika barua, kwa hivyo ni wewe. Najua ni pesa zako, umezitolea jasho, na najua wanawake wanavyozificha kwa sababu nzuri. Kama mumeo ni mtu wa kupiga au wa kunywa pesa, usinifuate hapa. Lakini hukuniambia hivyo. Uliniambia habari za mtu aliyenyamaza akachukua koti.

Ukishaweka vyako mezani, usimwulize "Ni nani?" Mwulize "Unadaiwa ngapi?"

Halafu nyamaza. Mpe muda. Kimya hicho kitakuwa kirefu na kitakuuma, ila usikijaze.

Akikubali kukuonyesha hati ya mshahara, na sheria ya ajira ya 2007 inamlazimu mwajiri ampe yenye kila kato limeandikwa, isome kuanzia chini. Kama mstari wa mwisho unasema 27,000, basi deni linakatwa kazini: ni mkopo wa sacco, wa benki, au aliomba mshahara mapema. Jina la anayekata litakuwa hapo. Kama mstari wa mwisho unasema 32,000 na kitu, basi pesa zinatoka baada ya kumfikia, na mara nyingi hiyo ni mikopo ya simu. Ya kwanza ina mwanzo na mwisho, mtahesabu miezi iliyobaki. Ya pili ndiyo inayoniogopesha.

Chukua mkopo wa 10,000 unaotozwa asilimia 8 kwa mwezi. Mtu akilipa ile 800 tu na kuuzungusha, mwaka ukiisha amelipa 9,600 na bado anadaiwa 10,000 zilezile. Awe na mikopo ya namna hiyo sita au saba kwenye simu, utaona 5,750 zinavyoyeyuka bila kuonja kitu. Benki Kuu imekuwa ikipunguza riba yake, kutoka asilimia 13 mapema 2024 hadi 9.5 Agosti 2025, lakini nafuu hiyo haifiki kwenye mikopo midogo ya simu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wangeijua mikopo hii ya usiku wa manane wangesema makali zaidi.

Kama ndivyo ilivyo, kaeni na kalamu mwandike kila mkopo: anayedai, kiasi, ada, siku. Acheni kukopa kulipa, hata kama mwezi mmoja mtakula ugali na sukuma zisizouzika. Kama ana sacco kazini, achukue mkopo mmoja humo wa kumaliza yote; sacco nyingi hutoza kama asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalobaki, na hiyo kwa 8 ni mbingu na ardhi. Anayepiga simu usiku naye ana mipaka. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kumtisha mteja, kumtukana, au kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu yake. Mkopeshaji lazima awe na leseni, na orodha ya walio nayo Benki Kuu huitoa hadharani. Asiye na leseni na anayetisha, mshtaki huko. Mumeo hana haja ya kutoka nje gizani kuomba Ijumaa.

Mkiwa na hati hiyo mkononi, msiiache bila kudai kilicho chenu ndani yake. Zile 2,400 za NSSF, mwajiri anatakiwa kuongeza 2,400 zingine. Kila mwezi 4,800 zinapaswa kuingia kwenye akaunti ya mumeo. Aombe taarifa ya akaunti aone kama kweli zinaingia. Nilikuwa ndani ya hizo ofisi. Najua kukata na kupeleka ni mambo mawili. Ahakikishe pia jina lako limeandikwa kuwa la mrithi. Na zile 1,100 za SHIF zinakuhusu wewe na watoto: bonyeza *147# uangalie kama nyote wanne mmeandikishwa chini yake. Nimejua familia inayokatwa tangu siku ya kwanza, mama akafika hospitali na mtoto mwenye homa kali, jina la mtoto halipo. Zile 600 za ushuru wa nyumba sina la kukufariji. Mwajiri hutoa zingine 600, na hakuna anayerudishiwa. Kwa mtu anayelipa kodi ya 9,000 Free Area, mimi naona sheria hiyo ilimtwika anayepanga mzigo wa nyumba ambazo wengi wao hawataingia, na nitalisema hilo popote.

Kama kwenu au kwao kuna kipande cha shamba, hata nusu ekari Bahati au Njoro, mwenye shamba ajisajili apate mbolea ya ruzuku. Mfuko wa kilo 50 ni 2,500, na mwaka wa 2022 watu waliununua kwa zaidi ya 6,000. Wewe tayari unapeleka mahindi kusaga. Yakitoka shambani, gorogoro haikuhusu tena.

Hasira yako isiishe, ila ihamishe. Kila mwaka Serikali huwasilisha Mswada wa Fedha Bungeni kufikia mwisho wa Aprili, na kaunti nayo huandaa wake, ule unaoamua ada unayolipa sokoni kila asubuhi. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe. Vikao hivyo vya kaunti nimevihudhuria. Wenye maduka makubwa hufika na karatasi zao zimepigwa chapa. Akina mama wa mboga huwa wawili, watatu, wamekaa nyuma. Nendeni ishirini na hilo daftari lako. Soma hesabu ya gunia moja tangu Molo hadi mezani kwako, kila ada kwa jina lake. Hakuna mwanauchumi atakayewapa ushahidi bora kuliko huo.

Kuhusu kifungua mimba wako, mtazame shule ya kutwa kwa jicho zuri, maana gharama ya bweni ndiyo inayowavunja watu wa mshahara wenu. Ulizeni sasa fomu za basari za wadi na za mfuko wa eneo bunge, NG-CDF, msingoje Januari foleni ikiwa imefika barabarani. Na muulize mweka hazina wa chama zamu yako ya kupokea ni lini. Kama inaweza kusogezwa hadi Desemba, omba. Kwa hivyo mazungumzo na baba watoto yafanyike kabla Novemba haijaisha. Ukishayafanya, niandikie tena, uniambie mstari wa mwisho wa ile hati ulisema ngapi.